Kukwama na Kukwamuana: Tarikhi ya Kulabu ya Gari Kusini mwa Nyanza

Mtu atokaye katikati ya mji wa Mwanza kwa njia kuu iendayo Shinyanga, akaipita Igogo na kuingia Mkuyuni, ziwa likiwa upande wake wa kuume na vilima vya majabali upande wa kushoto, hatakosa kuyaona magari madogo ya kasi, Altezza, Mark II na Subaru, ambayo vijana wenye kuyamiliki wamekwisha kuyapa libasi mpya: ringi pana, springi zilizofupishwa, na mbele ya bampa, chini kidogo ya taa, pete ya chuma iliyopakwa rangi nyekundu au ya manjano. Pete hiyo ndiyo kulabu ya kuvutia gari, na aghalabu haikuja na gari kutoka kiwandani. Imeagizwa mbali, ikafungwa nyumbani na mwenye gari mwenyewe, uani, akisaidiwa na jirani au na fundi mmoja aliyeitwa baada ya saa za kazi. Wazee waliopata kuendesha malori ya pamba huitazama kwa dhihaka, kwa sababu wao waliijua kulabu kuwa ni chombo cha dhiki, wala hawaoni vipi chombo cha dhiki kigeuzwe kuwa pambo. Nami, ijapokuwa sina ugomvi na mapambo, naona kwamba dhihaka ile na fahari hii zimetoka katika tarikhi moja, nayo ni tarikhi ya swali ambalo kila aliyepata kulala njiani amelazimika kulijibu: gari likikwama, hushikwa wapi?

Gari la kwanza kulivuka bara la Afrika lilianzia safari yake katika nchi hii, na si mara chache lilikwenda kwa kuvutwa. Tarehe 10 Agosti 1907 Luteni Paul Graetz, Mjerumani, aliondoka Dar es Salaam na gari lililoundwa Gaggenau, lenye magurudumu marefu ili lipite juu ya mawe na visiki, akafika Swakopmund katika pwani ya Atlantiki tarehe 1 Mei 1909. Miezi ishirini na ushei kwa safari ambayo ramani huionyesha kuwa ni mstari mmoja. Sababu yake ni kwamba barabara haikuwapo, na kila palipotokea mchanga, mto au genge, injini iliachwa ipumzike na kamba ikashika zamu, na waliokuwa katika ncha ya kamba ni wenyeji waliokusanywa kutoka vijiji vya jirani. Majina yao hayakuandikwa. Vitabu vimemwandika dereva, kama ada ya vitabu.

Kandokando ya Nyanza, yaani Ziwa Victoria, kazi ya namna hii ilikuwa imezoewa kabla gari halijazuliwa. Msafiri Stanley alipofika Kagehyi, si mbali na Mwanza ya leo, mnamo Februari 1875, mashua yake iliyoitwa Lady Alice ilikuwa imeletwa kutoka pwani kwa vipande, mabegani mwa wapagazi, ikaunganishwa pale pale ufukweni na kutiwa majini. Watu wa Unyamwezi na Usukuma, ambao kwa vizazi kadhaa walikuwa uti wa mgongo wa misafara ya njia ile, walikuwa na maarifa ya mizigo yasiyohitaji kalamu: kila mzigo hauna budi kupewa mahali pa kushikwa, na mahali hapo pakichaguliwa vibaya, mchukuzi huchoka kabla mzigo haujasogea. Maarifa hayo hayakupotea lori lilipokuja; yalibadilisha kitu cha kushika tu.

Wajerumani waliweka boma lao Mwanza mwaka 1892, na reli kutoka Tabora iliufikia mji mwaka 1928, chini ya Waingereza. Baina ya reli, bandari na mashamba ya pamba ndipo lori lilipopata riziki yake, na katika Usukuma lilikutana na ardhi ambayo wenyewe hawaiiti kwa jina moja. Udongo wa mchanga wa miteremko ya juu Msukuma huuita luseni. Zile ardhi ngumu za chini yake, zisizopitisha maji upesi, ni itogolo na ibambasi. Na ule mweusi wa mabondeni, unaopasuka wakati wa jua na kuvimba wakati wa mvua, ndio mbuga. Dereva aliyekuwa na akili alijifunza majina hayo mapema kuliko alama za barabarani, kwa kuwa kila jina lilikuwa ni habari ya namna atakavyokwama: katika luseni tairi huzama na kuchimba shimo lake lenyewe, katika itogolo lenye utelezi gari huenda upande usioelekezwa, na katika mbuga tope hulivaa gurudumu na kulishika hata usukani usigeuke.

Msomaji huenda akadhani kwamba lori la pamba halikulijua tope, maana msimu wa kununua pamba huanza katikati ya mwaka, mvua zikiwa zimekwisha. Dhana hiyo ni nusu ya kweli. Gari lile lile lililoshusha pamba kiwandani mwezi wa Julai ndilo lililotakiwa kupeleka mbegu vijijini mwezi wa Novemba, wakati wa mvua za vuli. Na hata huko kiangazi, mito ya Simiyu na Magogo iliyokauka ilikuwa ni vitanda vya mchanga visivyo na madaraja katika vivuko vingi vya vijijini, na lori lenye shehena likiingia humo bila ya mwendo wa kutosha halitoki kwa nguvu zake. Wakulima, wakiongozwa na Paul Bomani, walipoviunganisha vyama vyao kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions mwaka 1955, na biashara ya pamba ikaanza kuwatoka wanunuzi wa kati na kuingia mikononi mwa wenye jembe, shehena zilizidi, na pamoja nazo malori yakazidi katika njia ambazo hazikutengenezwa kwa uzito ule.

Lori la zama hizo, Bedford mathalan, lilikuwa na jawabu rahisi kwa swali letu. Chesisi yake ilikuwa ngazi ya chuma: mihimili miwili mirefu kutoka mbele hata nyuma, na vyuma vya kukingama baina yake. Injini, kichwa na bodi vyote vilipanda juu ya ngazi hiyo, na bodi mara nyingi ilikuwa ni ya mbao, iliyoundwa mjini na maseremala. Katika ncha za mihimili ile palifungwa kulabu au sikio la chuma, kwa ribiti au kwa bolti nene. Aliyeshika pale alikuwa amelishika gari lote. Hapakuwa na haja ya kufikiri, na utingo, ambaye ndiye aliyeshuka matopeni na mnyororo begani huku dereva akibaki kitini na heshima yake, aliweza kufunga gizani kwa kupapasa. Kazi ya utingo haijapata mwandishi wake. Yeye ndiye aliyekata matawi ya kutandika chini ya tairi, aliyebeba jiwe la kuzuia gurudumu mlimani, aliyejua mnyororo upite chini ya bampa wala usipite juu yake. Na wengi wa madereva walioheshimiwa katika njia ya Shinyanga na ya Musoma walianza kwa kazi hiyo.

Kulabu ilikuwa na sheria yake ambayo haikuandikwa katika sheria za usalama barabarani. Lori lililomkuta mwenziwe amekwama lilisimama, kwa sababu njia ilikuwa moja na lililo mbele likibaki, lililo nyuma nalo halipiti. Ukarimu na haja vilikuwa ni kitu kimoja, na sijui kama kuna ukarimu wenye kudumu zaidi ya ule uliofungwa na haja. Matawi mabichi yaliyotandazwa barabarani hatua kadhaa kabla ya gari bovu yalikuwa ni onyo lililosomwa na kila mtu, na hata leo, pamoja na pembe tatu nyekundu ambazo sheria huzidai, matawi hayo hayajaacha kutumika Tanzania nzima. Wanakijiji wa mahali pabaya nao walikuwa na fungu lao: kusukuma kwa malipo. Wako waliowalaumu kwa kujipatia riziki kutokana na mashaka ya wasafiri, lakini mimi siwezi kuwalaumu watu waliopitiwa na barabara bila ya kuulizwa, na wasipate kutoka kwake ila vumbi na pesa za kusukuma.

Kamba nayo ilikuwa na zama zake. Katika nchi iliyoongoza ulimwengu kwa katani, na kuvuna zaidi ya tani 230,000 mwaka 1964, haikuwa ajabu kamba ya gari kuwa ya katani. Ilikuwa na nguvu, ilipatikana kila duka, na aibu yake ilikuwa moja, kwamba ikiwekwa mbichi huoza kwa ndani huku nje ikipendeza. Mnyororo hauozi, lakini haunyumbuki. Lori likianza kwa pupa, mshtuko wote huiendea kulabu, na panapo ufa wa siri ndipo hukatika. Kisha sangara, waliopandikizwa katika Nyanza katika miaka ya 1950 na 1960, walizaana kupita kiasi katika miaka ya 1980. Viwanda vya minofu vikafunguliwa Mwanza, na maduka ya zana za uvuvi yakajaa kamba za manila. Madereva wakazinunua kwa wavuvi na kuzisahau zile za katani. Manila hizo, ambazo ni kamba za nailoni, hunyumbuka, na kunyumbuka huko hulainisha mshtuko. Lakini kamba iliyonyumbuka imehifadhi nguvu ndani yake, na chuma kikitoka mahali pake, huruka kuelekea kwa watu waliosimama kutazama. Ndiyo maana mtu mwenye uzoefu hutupa gunia lenye mchanga au koti zito katikati ya kamba kabla ya kuvuta, na huwafukuza watoto mbali, hata akionekana mkali.

Hayo yalikuwa ya malori. Gari dogo la mwendo liliingia katika madrasa hii kwa njia ya mashindano. Mwaka 1953, kwa ajili ya kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yalianzishwa mashindano ya Coronation Safari, yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, na mwaka 1960 yakaitwa East African Safari. Hayakuwa na uwanja wake. Uwanja ulikuwa ni barabara za watu, wakati wa Pasaka, mvua zikinyesha. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka na 7 tu yakamaliza. Mwaka 1968 yaliondoka 93, na yaliyomaliza yakawa tena 7, na mara zote mbili aliyeshinda alikuwa Nick Nowicki na mwenziwe Paddy Cliff, katika Peugeot 404. Upande wetu wa mpaka, palipoogopwa zaidi ya pote palikuwa Mbulu, ambako udongo na mteremko hushirikiana dhidi ya binadamu. Wala Tanzania haikuwa njia ya kupita tu: Bert Shankland, fundi mzaliwa wa Scotland aliyefanya kazi Dar es Salaam katika kampuni ya Tanganyika Motors, alishinda pamoja na Chris Rothwell mwaka 1966, akarudia mwaka 1967. Ushindi wa fundi ni jambo la kuzingatiwa. Katika mashindano ambayo magari tisa kati ya kumi huweza kubaki matopeni, anayejua gari lake linashikwa wapi ana faida ambayo mwendo hauwezi kuinunua.

Kisha likaja gari la michezo khasa. Datsun 240Z, gari refu la pua na fupi la mkia, lenye milango miwili, lilishinda mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Gari ambalo lingalifaa barabara za lami za California lilichukua taji la tope la Afrika Mashariki, na waliolishangilia hawakuwa wajinga wa maana yake. Sheria za mashindano ya leo hudai kwamba kila gari la rali liwe na pete ya kuvutia mbele na nyuma, na kwamba pete hiyo ipakwe rangi ya manjano, nyekundu au chungwa, ili mwokoaji aione mara moja katikati ya vumbi au tope bila ya kuuliza. Basi rangi ile ya Mkuyuni, ambayo wazee huidhani kuwa ni upuuzi wa ujana, asili yake ni maneno aliyoandikiwa mtu mwenye kamba: shika hapa.

Lakini Peugeot 404 na Datsun zilikuja na badiliko ambalo halikuonekana kwa macho ya mpita njia, nalo ndilo kiini cha tarikhi hii. Hazikuwa na ngazi ya chuma chini yake. Mabati ya sakafu, ya ubavu na ya paa yalikunjwa na kuunganishwa yakawa sanduku moja lenye kujibeba lenyewe, jepesi na gumu kwa jumla yake, lakini dhaifu popote pale likishikwa peke yake. Chini ya pua ya gari la namna hiyo hubaki mikono miwili ya chuma iliyokunjwa, inayochomoza mbele kupokea injini na bampa, na hiyo tu ndiyo inayostahimili mnyororo. Madereva waliofundishwa kwa Bedford hawakuambiwa. Walifunga kamba katika chuma cha kwanza kilichoonekana, katika mkono wa usukani, katika bampa, katika fito ya kuzuia gari lisiyumbe, wakavuta kwa desturi ya lori, na gari likatoka matopeni likiwa limepinda, likala tairi zake maisha yake yaliyosalia. Land Rover, iliyobaki na chesisi ya chuma tangu ilipoanza kuundwa mwaka 1948, ilipata sifa ya ushujaa. Na sehemu ya sifa hiyo, kwa insafu, ilitokana na kwamba haikuwa rahisi kuishika vibaya.

Miaka ya vita vya Kagera na ya uhaba uliofuata nitaipita upesi, kwani kila aliyekuwapo anaikumbuka, na aliyekuwa hajazaliwa amekwisha kusimuliwa: malori na mabasi ya raia yalikusanywa yakapelekwa magharibi ya ziwa mwaka 1978 na 1979, na yaliyorudi yalirudi yamechoka, petroli ikawa adimu, vipuri vikawa johari, na magari ya watu binafsi yakakatazwa kutembea Jumapili mchana. Katika hali ile kuvutwa kulikuwa ni namna mojawapo ya kusafiri. Gari zima lilivuta bovu, si kwa sababu ya tope, bali kwa sababu injini mbili zilihitaji mafuta ya mbili. Mafundi wa wakati huo waligeuka wahunzi, wakachonga kulabu kutoka katika vipande vya springi za malori yaliyokufa. Nimepata kuziona zingali zimefungwa, nyeusi, zisizo na umbo la kumpendeza mtu, na zingali zinavuta.

Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, na katika muongo uliofuata magari yaliyotumika Japani yalipoanza kumiminika Dar es Salaam, kulabu ilikuja nayo kwa sura mbili. Ya kwanza ni vile vitanzi vya chuma vilivyochomelewa chini ya sakafu, mbele na nyuma, ambavyo kazi yake ya awali ni kulifunga gari kwa mikanda katika tumbo la meli, lisigongane na mengine bahari ikichafuka. Wengi wetu tumevifunga kamba tukidhani viliwekwa kwa ajili ya tope. Baadhi yake hustahimili na baadhi hukunjuka, maana kufungwa lisitembee ni jambo moja na kuvutwa kutoka shimoni ni jambo la pili. Sura ya pili ni pete yenye hesi, iliyotiwa katika mfuko wa zana pamoja na jeki, ambayo mwenye gari hutakiwa kubandua kifuniko kidogo katika bampa, kuiingiza na kuikaza. Hii ndiyo iliyokuwa kulabu halali ya gari, na hii ndiyo iliyopotea. Mifuko ya zana ilitoweka baina ya gati moja na jingine, jeki ikaenda na spana, na pete ikaenda nazo. Na kwa kuwa hakuna mtu anunuaye gari akauliza habari ya pete, magari mengi yaliingia Mwanza yakiwa na tundu lenye hesi lisilo na kitu cha kuingia ndani yake.

Hapo ndipo lilipoanzia soko la kulabu za kununua, na hapo ndipo ilipoanzia kazi ya uani. Vijana waliotazama picha za viwanja vya mashindano vya Japani, Suzuka na Fuji, waliona pete zile, wakazitaka kwa uzuri wake. Wengine walikuwa wamekwisha kukwama kwenye mteremko wenye mawe mvua ikinyesha, wakazitaka kwa haja. Sioni kama kuna ulazima wa kuwatenga, maana kijana mmoja aghalabu ni wote wawili.

Kazi yenyewe huanza kwa kuondoa waya wa betri, kwa sababu nyuma ya bampa la gari la kisasa hupita nyaya za taa na vihisi vya mifuko ya hewa, na aliyeufungua mfuko wa hewa kwa spana hana wa kumlaumu. Bampa la plastiki huvuliwa na watu wawili, likalazwa juu ya mkeka lisikwaruzwe, na vibanio vyake, ambavyo vimekaushwa na jua la miaka ishirini, huvunjika vitatu au vinne hata mtu awe na mkono mwororo namna gani. Ndani yake hudhihiri chuma cha kukingama kilichofungwa katika ile mikono miwili niliyoitaja. Huo ndio mfupa. Kulabu nzuri ya kununua huwa na bati nene linaloingia baina ya chuma hicho na ncha ya mkono, likakazwa kwa bolti zile zile za gari au kwa ndefu zaidi. Kulabu mbaya huwa na bati jembamba linalofungwa kwa parafujo mbili katika chochote kilicho karibu, na ya tatu, ambayo ni dhihaka tupu, hubandikwa katika plastiki yenyewe. Ukizitazama kutoka nje, bampa likiisha kurudishwa, zote tatu ni moja. Hapa ndipo dhihaka ya wazee ina haki: zama zao kulabu haikuweza kusema uongo.

Bolti nayo ni ya kusomwa kichwani. Iliyoandikwa 8.8, yenye unene wa milimita 12, huhimili mvuto wa takriban tani 5 kabla ya kuanza kurefuka, na Altezza nzima haifiki tani moja na nusu. Lakini gari lililonyonywa na mbuga hudai zaidi ya uzito wake, na mshtuko wa kamba hudai zaidi tena. Zipo bolti za mitaani zisizoandikwa kitu, na fundi wa Mkuyuni aliyekomaa huzitenga, akasema hizo ni za kufungia mageti. Tundu la hesi ambalo halikupata kutumika tangu kiwandani huwa limejaa kutu na tope, hasa katika magari yaliyotoka kaskazini ya Japani, ambako barabara hutiwa chumvi wakati wa theluji. Halina budi kusuguliwa kwa brashi ya waya na kutiwa mafuta, na pete iingie hata ikome, kwa maana pete iliyoshikwa na nusu ya hesi zake huchomoka. Baadhi ya magari ya Kijerumani, Volkswagen mathalan, yana hesi za kinyume, na nguvu nyingi zimepotea katika kukaza kwa upande wa kulegeza.

Vijana wengi humwendea mchomeleaji, kwa kuwa moto ni rahisi kuliko bolti. Mchomeleaji aliye mwaminifu hukataa, au huchomelea bati la ziada tu na kuuacha mkono wa gari salama. Joto huulegeza ugumu wa chuma kilichopikwa kiwandani, huunguza rangi ya ndani ambayo hakuna brashi itakayoifikia tena, na kutu huanza kula kutoka mahali pasipoonekana. Kisha liko jambo la upande. Pete ya hesi ina nguvu ikivutwa sawasawa mbele; ikivutwa kwa ubavu, kama ilivyo kwa gari lililotumbukia mtaroni, hupinda. Katika mitaa ya vilima vya Mwanza, ambako nyumba zimepanda juu ya majabali na njia hupinda kwa kuyakwepa, mvuto ulio sawasawa haupatikani mara nyingi, na kwa sababu hiyo mwenye busara hulisogeza kwanza gari la kuvuta hata kamba ikanyooka, ijapokuwa watazamaji watapiga kelele kwamba anachelewa.

Fauka ya hayo, magari yenyewe yamebadilika kwa namna inayopunguza kazi ya kulabu. Lori la gia za mkono lilivutwa kutoka kijiji hata kijiji, na mara nyingi mvuto huo ndio uliolitia moto. Gari la gia otomatiki haliwashwi kwa kuvutwa. Na mafuta ya gia zake hutembezwa na injini, hivyo magurudumu yanayoendesha yakiburutwa lamini mbali huku injini imelala, gia huzunguka kavu na kuungua. Subaru inayoendeshwa kwa magurudumu manne haifai kuburutwa magurudumu mawili tu yakiwa chini. Katika njia kuu lile gari la kubeba gari zima mgongoni limechukua nafasi ya mnyororo, na mwenye gari hulipa kwa kilomita alichokuwa akikipata kwa salamu. Barabara nazo si zile. Tangu Juni 2025, daraja la Kigongo na Busisi lilipofunguliwa, urefu wake kilomita 3 hivi, gari liendalo Sengerema na Geita halipangi tena foleni ya pantoni wala haliteremki katika gati lenye utelezi. Kulabu ya Mkuyuni imebakiwa na kazi fupi: kutoka mtaroni hadi barabarani, kutoka uani hadi mlangoni, hatua hamsini au mia, kwa mwendo wa mtu anayetembea.

Katika magari mapya zaidi yanayoanza kuingia sasa, chuma kile cha kukingama kimekuwa aluminiamu. Mashine ya kuchomelea ya mitaani haikishiki. Anayejaribu hupata tundu. Mafundi waliojifunza kazi yao kwa springi za malori wanarudi kwenye bolti na drili, na wanawaagiza wateja kuja na karatasi za vipimo zilizotoka kwa muundaji wa kulabu, jambo ambalo zamani lingechekwa katika gereji yoyote ya mji huu.